Mama Saluni Chini ya Maji

Siku mjaza mitungi wa duka la kupiga mbizi alipowaona mara ya kwanza, aliwasikia kabla hajawaona. Alikuwa nyuma ya pazia, kwenye chumba cha mashine ya kujaza hewa katika mitungi ya wapiga mbizi, na mashine ile ikishaanza kunguruma hata ukiitwa kwa tarumbeta husikii. Lakini sauti ya mama yule ilipanda juu ya mngurumo kana kwamba mashine ndiyo iliyokuwa ikinong'ona.

"Hodi humu! Hodi jamani! Au mmeshazama wote?"

Akafunua pazia kidogo, kiasi cha jicho moja. Mlangoni walisimama watu watatu: mama mfupi mnene, binti wa miaka kumi na mmoja, na kaka yake binti huyo, ambaye kwa kweli alikuwa mdogo wake ila kwa ubishi alikuwa mkubwa wa wote. Wote watatu walivaa kofia za plastiki za kuogea, zile za lastiki na maua maua. Tone la maji halikuwa karibu. Walikuwa wametoka nazo nyumbani, wakapita nazo barabara kubwa, wakasalimiana nazo na watu njiani bila wasiwasi wowote.

"Tumekuja kuzama," mama akasema. "Mimi na wanangu. Nywele nimeshazifunika, msihangaike."

Alimtupia mjaza mitungi maswali matatu kwa mpigo: bwawa liko wapi, samaki wanauma au hawaumi, na je, yeye ndiye mwalimu? Mjaza mitungi akatikisa kichwa kwa yote matatu, pamoja na lile la bwawa liko wapi, akarudi nyuma ya pazia lake.

"Mwacheni," mama akawaambia wanawe. "Huyo ni Kaka Kimya."

Jina likaganda hapo hapo. Kufika mchana hata mwenye duka alikuwa akimwita hivyo, na Kaka Kimya hakulalamika, maana kulalamika kungehitaji kusema. Kazi ile aliipenda kwa sababu moja: mitungi haiulizi maswali. Unaijaza, unaipanga, unasuuza mavazi ya mpira, unayatundika, jioni unakwenda zako bila kumkwaruza mtu wala kukwaruzwa.

Mama mwenyewe alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka dukani, na wateja walimwita Mama Saluni, kana kwamba saluni nayo ilikuwa mtoto wake wa kumzaa. Kwenye televisheni ya saluni hiyo watoto waliwahi kumwona kasa, anaelea taratibu kama mzee anayerudi kutoka kulipa ada, wakasema wanataka kwenda kumwona. Mama Saluni, mkono wake mmoja ukiwa ndani ya kichwa cha mteja, akajibu: "Tutakwenda wote watatu, likizo hii hii." Kisha akamwambia mteja yule, na aliyefuata, na muuza mkaa, na fundi wa viatu, na mwalimu mkuu wa shule ya watoto, aliyekuwa anapita tu kwa shughuli zake. Mtaa mzima ukajua. Kurudi nyuma kukawa hakuna.

Mwalimu wa kupiga mbizi alikuwa dada kijana, mkakamavu, mwenye filimbi shingoni na kichwa alichokinyoa mpaka kinang'aa. Mama Saluni alimtazama kichwani kwa huruma.

"Mwanangu, ni ugonjwa au ni hasira?"

"Ni joto, mama."

"Pole. Zikiota nitafute."

Mwalimu akawaeleza mpango. Watoto wa umri ule wataanzia bwawani, maji ya kifua. Wakiiva, Jumamosi ya mwisho wa likizo mashua itawapeleka kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia, palipo na matumbawe na huyo kasa wao. Hawatakaa sana, mtoto hupoa haraka. Ila sharti lipo moja, na halina mjadala: mtoto haingii baharini bila mzazi wake pembeni, na mzazi huyo awe ameshafaulu bwawani.

"Na baba yao je?" Mwalimu akauliza.

"Baba yao ni dereva wa lori," mama akasema. "Yeye na maji wanakutana bafuni tu, na hapo nako hawapatani."

Basi jambo lote likawa juu ya mama. Na mama alikuwa na kasoro moja tu. Hakuogopa maji, hakuogopa samaki, pumzi alikuwa nayo ya kupuliza moto wa majiko matatu. Ila hakuweza kunyamaza.

Siku ya kwanza bwawani walishuka vizuri, wakapiga magoti chini, mipira ya kupumulia midomoni. Kaka Kimya alikuwa ukingoni anapanga mitungi. Aliona mtoto wa kiume anajikuna pua. Aliona mkono wa mama unakwenda mdomoni, unachomoa mpira wa kupumulia, na mapovu makubwa kama masufuria yakapanda juu: blub, blub, blub. Mama akaibuka anakohoa, macho mekundu, na hata kabla kikohozi hakijaisha akamalizia sentensi yake.

"...pua, nimekwambia mara ngapi!"

"Mama," Mwalimu akasema, "chini hatuongei. Mtoto akikosea unamwonyesha kwa mkono."

"Nikimwonyesha mkono si atalia?"

Siku ya pili alichomoa mpira ili amwambie binti akae sawasawa. Siku ya tatu alichomoa ili amwambie Mwalimu kwamba leo hajachomoa. Kila alipoibuka alijuta kwa dhati, akaapa, akashuka tena, na mapovu ya masufuria yakarudi. Watoto wenyewe walikuwa wameiva zamani. Walikaa chini ya maji wametulia kama vyungu, wakimtazama mama yao anavyopanda na kushuka.

Mwisho Mwalimu akavua miwani yake, akakaa ukingoni.

"Mama, nakupa Alhamisi. Ukinyamaza chini muda wa wimbo mzima, mnakwenda. Usiponyamaza, watoto watabaki bandarini. Mimi siwezi kucheza na mapafu ya mtu."

Binti akajifuta uso kwa taulo, akajifuta tena mahali palipokwisha kauka. Mdogo wake akasema, "Mama, tukuzibe na plasta?"

"Plasta nitaila," mama akasema kwa huzuni.

Jumatano Kaka Kimya alitumwa saluni kupeleka mapezi madogo ya watoto, wayajaribu miguuni. Alizunguka mtaa mara mbili kabla ya kuingia. Ndani kulikuwa na vioo, viti vya plastiki, kikaushio cha nywele kama kofia ya askari, na kinamama watano waliogeuka kumtazama kwa pamoja.

"Huyu ndiye mtu wa samaki?" mmoja akauliza.

"Ehe," akajibu, na hotuba yake ya siku ikawa imekwisha.

Mama Saluni alikuwa katikati ya hadithi ndefu ya mteja aliyelala chini ya kikaushio akaota anachomwa moto. Anasimulia, anacheka, anawajibu watu waliokuwa nje barabarani. Kisha akaketi bibi harusi mtarajiwa aliyetaka mistari myembamba, ile ya kuhesabu kwa sindano. Mama akachukua kitana chenye mkia, akakibana kwa meno, akainama, vidole vikaanza.

Saluni nzima ikanyamaza. Hadithi ilikatikia katikati, mwenye kuota moto akaachwa anaungua, na hakuna aliyedai mwisho wake. Kinamama walijua. Binti akamsogelea Kaka Kimya, akamnong'oneza, "Mama akishika kazi laini, hasemi. Hata nyumba ikidondoka."

Kaka Kimya akasimama na mapezi mkononi, akatazama vile vidole, akatazama ule mdomo uliofungwa. Kitu kikamgonga kichwani. Alitamani kusema. Akafumbua kinywa; kinamama watano wakamgeukia, wakasubiri. Akakifumba, akaweka mapezi chini, akageuka atoke, akaingia kabatini.

Lilikuwa kabati la mataulo. Mlango wake ulifanana na ule wa nje, na alikuwa na haraka. Alipogundua, aliona kutoka mara moja itakuwa aibu zaidi, akabaki humo kidogo kana kwamba ndiko alikokuwa anakwenda.

"Kaka Kimya," binti akaita kwa upole, "mlango ni huu mwingine."

Usiku ule kicheko cha kinamama kilimrudia kitandani, lakini lile wazo nalo lilibaki. Alhamisi alifika bwawani kabla ya wote. Alichukua kipande cha kamba nene kuukuu, akakifumua ncha yake mpaka ikatawanyika kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi, akakifunga kwenye jiwe na kulitumbukiza chini, mahali mama anapopigia magoti. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kwa mdomo gani?

Wakashuka. Mwalimu akatazama saa. Kaka Kimya akajifanya anafuta mtungi, mtungi uleule, upande uleule. Punde si punde mvulana akaanza kumvuta dada yake pezi. Mkono wa mama ukaondoka gotini. Ukapanda kifuani. Ukafika kidevuni. Kaka Kimya akaacha kupumua, ingawa yeye alikuwa nje.

Hapo macho ya mama yakaangukia ile kamba.

Mkono ukasita. Ukashuka. Wa pili ukaja kuusaidia. Mama akaigawanya ile ncha mafungu matatu, akaivuta kidogo aone kama inauma, akaanza kusuka. Mapovu yake yakapanda madogo madogo, yamepangana. Muda wa wimbo mmoja ukapita. Wa pili ukapita. Mwalimu akamgonga mtungini, mama akamwonyesha kidole: subiri, sijamaliza kichwa. Watoto ndio waliomvuta juu, mmoja kila bega.

"Nani aliyeacha kamba ile na nywele za namna ile?" ndilo neno lake la kwanza. "Mtu mzima haoni aibu?"

Kisha akamwona Kaka Kimya na mtungi wake uliofutwa mpaka ukang'aa. Akamtazama, akaitazama kamba. Akafumbua kinywa, na kwa ajabu akakifumba bila kusema kitu. Akamwinamia kichwa tu.

Jumamosi ikafika. Mama Saluni alikuja na mayai ya kuchemsha ya kutosha jeshi, mataulo tisa, na watoto ambao vichwa vyao viling'aa kama taa. Alikuwa amewapaka mafuta ya nywele kopo zima, ili chumvi isiwaharibu. Kwenye mashua walipovaa miwani ya kuzamia, mkanda wa mpira ukateleza, miwani ikaruka. Wakavaa tena, ikaruka tena. Ya mvulana ilimpiga nahodha kisogoni.

"Tunavamiwa?" nahodha akauliza.

Kaka Kimya akatoa sabuni ya kuoshea vyombo, akawainamisha watoto ukingoni mwa mashua, akawaosha vichwa kimya kimya, huku mama akilia, "Kopo zima! Kopo zima nililolinunua jana!" Halafu akamfunga mama kipande cha kamba kiunoni, kimeshafumuliwa tayari. Wakaingia majini, Mwalimu katikati, watoto amewashika mikono, mama nyuma yao.

Kaka Kimya alibaki mashuani anatazama mapovu. Yalipanda mafungu manne, taratibu. Kama mama angefumbua kinywa huku baharini, wasingekuwa na ukingo wa kushika. Akatazama fungu la nyuma. Dogo. Dogo. Dogo.

Ghafla likapanda povu kubwa kuliko sufuria, kubwa kama beseni.

Kaka Kimya akasimama. Nahodha akamshika fulana. "Tulia, utatuzamisha." Povu jingine. Kisha yakarudi yale madogo, yamepangana, kana kwamba hakuna lililotokea.

Walipoibuka, waliibuka wote kwa mpigo, kama mafiga yaliyofungwa kamba. Mvulana akatema mpira wake.

"Tumemwona! Alikuja mpaka usoni kwa mama, akaganda hivi, kama mteja! Mama akacheka na mpira mdomoni!"

"Akacheka tu?" nahodha akauliza. "Hakusema?"

"Hakusema!"

Mwalimu alijaribu kupanda ngazi, watoto wote wakavutika pamoja naye. Akashuka, wakashuka. Akageuka, wakamzunguka. Ndipo ikaonekana: kamba ya kiunoni ilikuwa imekwisha, imesukwa mpaka ncha. Baada ya hapo mama aliendelea na alichokikuta mbele yake. Mikanda yote iliyokuwa ikining'inia kwenye fulana za hewa, ya binti, ya mvulana na ya Mwalimu, alikuwa ameikusanya na kuisuka kuwa msuko mmoja mnene, umekaza, umenyooka, na mwisho wake fundo la saluni lisilofunguka mpaka baada ya wiki mbili.

Mwalimu akauangalia msuko huo muda mrefu. "Mama. Umenisuka."

"Na kichwa huna," mama akasema kwa fahari. "Nimejitahidi."

Wakapandishwa mashuani wote watatu kwa pamoja, kama wavu wenye samaki. Nahodha alicheka mpaka akakaa juu ya mayai. Kaka Kimya alijaribu fundo kwa kucha, kwa meno, halikusogea. Akainua uso.

"Kitana chenye mkia kiko wapi?"

Mvulana akamgeukia dada yake, macho yamemtoka.

"Kumbe anaongea!"

Kitana kilikuwa kwenye soksi ya mama. Wakafumua pamoja njia yote ya kurudi, yeye anatoboa kwa mkia, mama anavuta, na mama akawa anasimulia habari ya kasa tangu mwanzo, maana sasa alikuwa juu ya maji na alikuwa na deni la maneno la nusu saa nzima.

Shule zilipofunguliwa, baba wa watoto alihamishiwa bohari nyingine, mbali, na familia ikahama kwa lori lake. Kaka Kimya alitoka nyuma ya pazia akawasindikiza. Kikaushio kilikaa juu ya mizigo kama askari wa doria. Watoto walimpungia mkono. Mama Saluni alikuwa dirishani, anamwagiza hili, anamkumbusha lile, anamuuliza na kujijibu mwenyewe. Injini ikawaka. Kaka Kimya alikuwa ameandaa maneno tangu asubuhi, mazuri tu, yamekaa tayari kwenye ulimi, na yakagoma kutoka.

Mama akamwona anavyohangaika. Akanyamaza kabisa, akamngoja, kama alivyofanya juu ya kichwa cha bibi harusi. Lori likaanza kutembea. Hapo akatoa kichwa chote dirishani.

"Kaka Kimya! Huku juu fumbua tu mdomo, maji hayaingii!"