Elisi ya Mbio

Bwana wangu, mzungu mwenye ng'ombe kule Kirolirwe, alikuwa na mashua ya mota na elisi mbili, zile panga za kuzunguka majini na kuisukuma. Ya mbio ilikata maji mengi kwa mara moja. Ya mizigo ilikata kidogo kidogo. Siku ya wageni sita, wote wanene, nikamwambia afunge ya mizigo.

"Wee boyi, kamua ng'ombe!"

Boyi, mimi, baba wa watoto wanne! Akafunga ya mbio.

Katikati ya ziwa mota ikalia kama ng'ombe anayezaa, mashua ikajikokota. Mimi na mke wangu tukawapita na mtumbwi wetu wa maharagi, tukiwapungia mikono. Hapo njo bwana akaniita kwa upole, si boyi tena:

"Papa, ile elisi ingine iko wapi?"

Nilikuwa nimeikalia mle mtumbwini tangu asubuhi.