Kunyamazisha Cherehani

Hata leo, alasiri yenye joto, nikifumba macho naisikia cherehani ya mama. Inaanza polepole, kisha inashika kasi, na mabati ya paa yanaitikia. Kati ya usingizi na kuwa macho sijui kama niko hapa nilipo au juu ya mkeka wetu wa Migori, miaka ya sitini, shavu langu lina chapa za ukindu.

Ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, chuma kitupu, na ilikaa chumba cha mbele karibu na dirisha. Mama alishona sare za shule na magauni ya kwendea kanisani. Kuku walishazoea ile kelele. Baba hakuizoea.

Baba alikuwa ametoboa miamba ya dhahabu kule Osiri miaka mingi, kwa nyundo na baruti, kisha akarudi nyumbani amekonda na usingizi wa usiku umemkimbia. Alijaribu kulala mchana. Mama akianza kukanyaga, baba anatokea mlangoni, macho mekundu.

Siku moja akasema, "Mama watoto, siku ya soko hiyo mashine inaenda Ogwedhi. Nitarudi na ndama. Ndama hana kelele."

"Ndama hana kelele? Nani amekudanganya?" Mama alicheka, maana alikuwa Mkuria aliyelelewa katikati ya ng'ombe. Baba alikuwa Mjaluo, ndiyo sababu nyumbani tulisemezana Kiswahili. Lakini alipomaliza kucheka niliona ameweka kiganja juu ya gurudumu na hakiondoi. Katika nyumba ile yote, cherehani ndiyo ilikuwa yake peke yake. Siku ile nilimchukia baba, nasema wazi.

"Nipe hizi siku mpaka soko," mama akamwambia. "Itanyamaza."

Alianza na samli. Kwao samli ni dawa ya kila kinacholia: mtoto mchanga, goti la bibi, bawaba ya mlango. Akaiyeyusha na kuimimina kwenye kila tundu, na alasiri ile mashine ikaenda kwa adabu. Asubuhi baridi ikagandisha samli, gurudumu likagoma, na sisimizi wakapanda mguu wa chuma kwa foleni. Nilicheka mpaka nikafukuzwa nje. Tuliisafisha kwa mafuta ya taa, na kuna mtoto alivaa sare inayonukia samli muhula mzima.

Baada ya hapo tulitumia akili. Mama alinunua mafuta ya cherehani dukani, akakaza mkanda wa ngozi uliolegea. Mimi nilikata tairi kuukuu la baiskeli, nikaweka kipande chini ya kila mguu, na chini ya vipande hivyo gunia lililokunjwa. Tukaivuta mbali na ukuta. Kelele ilipungua kidogo kidogo: sakafu iliacha kutetemeka, mabati yakanyamaza, mwisho ikabaki sindano tu ikitafuna kitambaa. Nililala kwenye mkeka nikitazama vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha, na miguu ya mama ikipanda na kushuka bila sauti. Nilidhani naota.

Hiyo ilikuwa siku ya mwisho kabla ya soko. Baba alikuwa chumbani, amejilaza. Mama alishona ukosi wa gauni huku akiuangalia mlango, na mimi nikamwomba Mungu.

Baba akatoka. Hakuwa amelala hata kidogo. Alisimama akiisikiliza mashine, viganja vyake vimeziba masikio, kisha akaviondoa, kisha akayaziba tena.

"Imenyamaza," mama akasema.

"Imenyamaza," baba akajibu. "Sasa nasikia ile ingine. Hii ya ndani." Akagusa sikio. "Tangu Osiri inalia. Haikomi. Nilifikiri ni mashine inaiamsha, kumbe inaifunika."

Hakuwahi kutuambia. Miaka yote ile hakumwambia hata mama.

Akapiga magoti, akainua mguu mmoja wa cherehani, akachomoa gunia na mpira, akaenda kwa mwingine. Alipomaliza akaisukuma mpaka ukutani, pale pale ilipokuwa.

"Shona, mama watoto," akasema. "Shona kwa nguvu."

Mama akafuta macho kwa ule ukosi, akakanyaga. Mabati yakaitikia. Ukosi haujakwisha, tukamsikia baba akikoroma.