Tiketi ya mdogo wangu ilirudishwa, riba ikabaki

Admin, nifichie jina, na la mdogo wangu nimelibadilisha. Nina miaka thelathini na tatu, nimeachika, napanga chumba Mugumu na nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya watalii. Nyumbani ni Kenyamonta. Mama yangu mzazi ananiona mwizi wa hela ya marehemu, na wa kunitetea tumeshamzika.

Mdogo wangu, nimwite Bhoke, aliumwa moyo. Tukapata wafadhili wa kumtibia India, nauli juu yetu. Mimi nina kadi ya mkopo ya benki, nikakata nayo tiketi mbili, yake na yangu ya kumsindikiza. Mama akampangia begi: sweta, vitenge, karanga za kukaanga. Safari ikasogezwa, ikasogezwa tena, deni likaanza kula riba. Bhoke alikuwa akikaa kwangu, na siku moja akausoma ujumbe wa benki kwenye simu yangu.

"Dada, hii riba ni ya tiketi yangu?"

"Ni kidogo. Pumzika."

"Zirudishe. Mimi najisikia mwenyewe, huko sifiki. Ila mama usimwambie, mwache ajue naenda."

Nilimkatalia siku nyingi. Mwisho nikakubali, nikamwandikia wakala wa tiketi, na moyoni nikashusha pumzi. Pumzi ile ndiyo inanitesa mpaka leo. Begi tuliliacha mlangoni vilevile, mama akija kumwona alione.

Wakala alisema hela itarudi kwenye kadi. Nikajua basi, mwezi ule sina haja ya kulipa. Bhoke akafariki kabla haijarudi. Ujumbe wa kurudishiwa uliingia tukiwa bado msibani, na mimi kwa ujinga wangu nikamwambia mama. Akafikiri wamerudisha kwa sababu ya kifo. Akasema, "Basi tumjengee kaburi."

Nikaenda benki kuitoa. Binti wa dirishani akaniangalia kwa huruma. "Dada, hapa hakuna hela ya kutoa. Iliyorudi imepunguza deni tu, na haihesabiwi kama malipo yako ya mwezi. Ulitakiwa ulipe kile kiwango cha chini kwa tarehe yake, kwa hiyo faini ipo. Na riba ya siku zote kabla haijarudi iko palepale." Deni la tiketi lilikuwa limefutika. La riba na faini lilibaki, nalo linaendelea kuzaa.

Nilirudi Kenyamonta, nikampa mama shikamoo, nikajaribu kumweleza kwa namna anayoijua. "Mama, ni kama ng'ombe wa kuazima. Amerudi kwa mwenyewe, lakini maziwa tuliyokunywa tunadaiwa."

Mama akauliza taratibu, "Sisi tulikunywa maziwa gani?"

Akasema nisikanyage tena kwake mpaka nije na hela ya Bhoke. Sasa nikimpigia, shikamoo yangu haiitikii, anakata.

Ningeweza kujisafisha leo hii. Nimwambie kwamba Bhoke mwenyewe ndiye aliyetaka hela ile ifute deni langu, na kwamba lile begi tuliliacha mlangoni ili kumfariji yeye mama. Lakini begi mama amelichukua, hajalifungua. Kila anayekuja kumpa pole, mama humwambia, "Mwanangu alikufa akiwa na hamu ya kwenda kutibiwa," na hilo ndilo linalomwinua asubuhi akakamue ng'ombe wake. Nikisema ukweli, nitakuwa nimemzikia mtoto mara ya pili.

Mdogo wangu aliiacha safari ili riba isimame. Haikusimama. Jana ujumbe wa benki umeingia tena, na kabla sijaugusa nikasikia sauti yake ikiniuliza kama ni ya tiketi yake. Nimeizima simu, sauti haikuzimika.

Ninyi mnaonisoma, hasa mlio na mama zenu bado, niambieni: niseme, au nibaki mwizi?