Nimemuuza ng'ombe wa kitovu wa binti yangu, na sirudi nyuma

Wakuu, salaam aleikum. Haya yamenipata mimi mwenyewe hapa Iftin, Garissa, na kama nimeongeza chumvi Mungu ananiona. Bado nina hasira, kwa hivyo mtanivumilia.

Kwa wasiojua: kwetu mtoto akizaliwa, siku ya kufungwa kitovu anapewa mnyama wake. Uzao wote wa mnyama huyo ni mali ya mtoto. Marehemu baba alimpa binti yangu Hibo ndama jike.

Mwaka uliofuata baba akafariki. Kisha ukame ukaja, mifugo ya boma zima ikaisha. Akabaki huyo mmoja. Nikamleta mjini, nikamfunga nyuma ya nyumba ninayopanga. (Mwenye nyumba hakusema kitu, Mungu ampe heri.)

Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza.

Kila mwenye akili aliniambia, uza angali na nyama. Mimi nikasema huyu ndiye baba aliyebaki kwangu. Adeer, yaani kaka yake baba, naye akanijaza: "Ukimuuza, bahati ya mtoto inatoka naye mlangoni."

Adeer huyo hajawahi kuleta hata fungu moja la nyasi. Hata moja!

Asubuhi natafuta nyasi. Mchana naokota katoni sokoni atafune. Jioni nampeleka kando ya mto. Hibo namwachia jirani, na chai ya rangi na anjera ya jana. Baba yake Hibo anauza kwenye duka la watu huko kambini Ifo, na akituma kitu, nusu inaishia mdomoni mwa ng'ombe.

Na nilijiona mama shujaa!

Siku moja Hibo akaanza kuhara, nikambeba hadi kliniki. Nesi akamfunga mkononi ule utepe wa kupima watoto waliokonda. Ukasoma njano, yaani mtoto ameanza kukonda.

"Mama, nyumbani kuna mfugo?"

"Ng'ombe mmoja."

"Ana maziwa?"

"Hana. Hajawahi kuzaa."

"Na kiangazi hiki anakula nini?"

"Nanunua nyasi."

Akamtazama Hibo. "Unanunua nyasi. Na huyu unamnunulia nini?"

Wakuu, nilitaka kumtukana. Badala yake nikambeba Hibo, nikarudi nyumbani.

Kesho yake nikamkokota ng'ombe hadi soko la mifugo. Wanaume pale wanapatana bei kwa kushikana vidole chini ya shuka, wengine wasijue. Dalali akaniambia niite mwanamume anipatanie. Nikataja bei yangu kwa sauti, soko zima likasikia.

"Huyu mama ana wazimu," mmoja akacheka.

Mwenye wazimu akauza, akaenda zake.

Nililia? Nililia. Niliingia dukani kununua maziwa na mayai, machozi yakiwa bado yanatiririka, mwenye duka akadhani nimefiwa.

Jioni adeer akafika, hata salamu hakumaliza.

"Umeuza kitovu cha mtoto!"

"Adeer, keti unywe chai."

"Sinywi! Ndugu yangu angekuwa hai..."

"Angekuwa hai angemuuza mapema kuliko mimi. Baba alitoa mnyama ili mtoto aishi. Mimi nilikuwa namkausha mtoto ili mnyama aishi. Ungekuwa unaleta nyasi, leo ningekusikiliza."

Akaondoka. Mpaka leo akiniona mtaa wa Waberi anavuka barabara. Avuke tu.

Hibo sasa utepe unasoma kijani, na anawapiga watoto wa jirani. Mimi nalala usingizi. Sijui kama mnaelewa: nalala! Ile kamba ya ng'ombe nilikuwa naishika nikidhani namshika baba. Baba yuko kwa Mola wake. Maisha ya boma kwangu yamekwisha, sasa mimi ni mtu wa mjini, nakaanga sambusa nauza, na sioni haya.

Nilichojifunza ni hiki: kama umekumbatia kitu kwa ajili ya marehemu, na kitu hicho kinawamaliza walio hai, kiachie. Utalia, kisha utapumua.

Mwenye la kusema aseme, hata matusi nitasoma. Ila wewe unayekuja kuniambia nimevunja mila, kwanza tuambie hapa: mara ya mwisho ulimbeba mtoto hadi kliniki ni lini?