Kidoa cha Dorrie

Irv Fishbein wa Queens, New York, alikuwa mtia wino wa vitabu vya katuni, kazi ambayo watu huidharau bure. Mwenzake huchora kwa penseli, yeye hupita juu na brashi. Panapotakiwa weusi mtupu, mchoraji huweka alama ndogo ya x, naye Irv hujaza. Miaka ishirini na tatu hakuwahi kuibishia x hata moja.

Jumanne asubuhi mhariri wake, Marcy, akapiga simu.

"Irv, mzee wangu, umekaa?"

"Kazi yangu ni kukaa. Sema."

"Helen anaondoka kitabuni. Yule jahili Vexil anawasha Kinu cha Nyakati, historia ya ulimwengu wote inasagwa upya, na shujaa wetu Kapteni Zenari anatoka humo hajawahi kumuoa."

"Si mumuue tu, kama wanavyouawa wengine?"

"Akifa watamlilia. Hivi hakuna atakayemkumbuka."

Irv akakata simu bila kuaga. Sura ya Helen ilikuwa imeigwa kwa Dorrie, mkewe Irv, aliyefariki miaka kumi na moja nyuma. Tangu mazishi, Irv alikuwa akikaa naye mezani kila mwezi, kurasa ishirini na mbili. Hakuwa na mwingine wa kukaa naye.

Ukurasa wa mwisho ulifika: Helen ndani ya Kinu, na x katikati ya uso. Irv akaona bora amchore sawasawa, walau mara hii moja, asipotee hivi hivi. Akaitoa drooni picha ya harusi, ambayo hakuigusa miaka yote hiyo. Ya nini, na mwenyewe yupo mezani?

Lo! Mwanamke wa kwenye picha alikuwa na pua iliyopinda, mwanya, na kidoa cheusi shavuni. Irv akakumbuka. Kidoa alikiondoa mwenyewe, maana kwenye karatasi duni ya katuni kilitoka kama uchafu. Pua aliinyoosha kwa amri ya mhariri fulani, na mwanya ukafuata. Kidogo kidogo, mpaka akamsahau.

"Kumbe Vexil ni mimi," akasema, akalia kwa sauti, maana nani angemsikia?

Ile x hakuijaza. Alichora pua, mwanya na kidoa, akaupeleka ukurasa mwenyewe.

"Irv, huyu siye Helen," Marcy akasema. "Na hili doa? Ngoja nilipige rangi nyeupe."

"Liguse uone."

Mtambo wa kuchapa ulikuwa unasubiri. Marcy akamtazama, akaupitisha ukurasa.

Miezi mitatu baadaye, kwenye ukurasa wa barua, ambako wasomaji hupenda kuwaumbua wachoraji, msomaji mmoja wa Ohio aliandika: "Mmekosea! Yule mwenye mwanya na doa shavuni ni nani?"

Tangu mazishi hakuna aliyewahi kumuulizia Dorrie. Irv akaikata barua ile kwa mkasi, akaiweka mezani mbele ya kiti cha pili.

"Dorrie," akasema, "umeulizwa."