Vichwa vya Risasi Kwenye Trei ya Mayai

Kila Jumapili, nyuma ya duka lake huko Montana, muuza risasi hupanga madumu ya maji, huyafunika kwa jinzi kuukuu, kisha huyapiga risasi. Vichwa vya risasi anavyookota huvifuta kwa pindo la shati na kuviweka kwenye trei ya mayai juu ya kaunta. Hamuuzii mtu risasi kabla hajamshikisha vichwa hivyo.

"Mzee, nipe aina moja tu, ile kali," alisema Darla, aliyekwisha kuamua kwamba bastola yake mpya itawinda kulungu na kulinda nyumba.

"Tulia, dada. Kali kwa nani?" Akamwekea viwili kiganjani. Kimoja kilikuwa kimechanuka kama ua. Kilikwama katika dumu la tatu. Cha pili, kigumu, hakikuwa na hata mkunjo. Kilitoboa madumu sita na ubao wa nyuma. "Hiki humfikia kulungu moyoni. Kuta zako ni za nini?"

"Mbao."

"Nyuma yake analala nani?"

Darla alikitazama kile kigumu. Kila usiku Josie humtakia usiku mwema kupitia ukuta ule. "Binti yangu."

Muuza risasi alitoa maboksi mawili, na lile la risasi ngumu akaliandika kwa kalamu nene: PORINI TU.