Siku Niliyopanda Bati la Wakwe

Jamani, Lamadi nzima wanalijua hili, bora mlisikie kwangu kuliko kwa wauza dagaa: siku ya kwenda kuposa, mimi fundi mtandao ninayetegemewa pale Bariadi, nilipanda juu ya bati la wakwe nikiwa na suti ya kuazima.

Kwa kina Kabula, mchumba wangu, binti haolewi mpaka mjomba wake aseme "nimekubali", na mjomba yuko Tabora anauguza mguu, basi ikaamuliwa tumpigie kwa video kwa intaneti ya kisahani niliyowafungia mwenyewe. Laptop yangu ikawekwa juu ya kigoda pale uwanjani, baba mkwe (mtarajiwa, tusikimbilie mambo) akasalimia, "Mwadila, shemeji!" Kimya. Mjomba ameganda kwenye kioo, mdomo wazi. Akasalimia tena, kimya, mara ya tatu kimya, na kwetu Wasukuma salamu isiyoitikiwa si jambo dogo, wazee wakaanza kutazamana, mmoja akanong'ona, "Huyu amegoma."

Sasa muoaji siku hiyo kazi yake ni kunyamaza, mshenga ndiye anaongea. Mimi huyo nikasimama. "Niachieni, hii ndiyo kazi yangu." Laiti ningepima kwanza njia ya data, dakika mbili tu! Lakini kujidai mbele ya wakwe, we acha. Nikazima ruta nikawasha, tukapiga tena, mjomba kaganda vilevile, nikasema basi ni kisahani, nikapanda, bati la saa nane mchana linaunguza viganja, nakigeuza huku, nakigeuza kule, hasira zikanipanda nikamfokea mshenga kule chini: "Mtandao uko sawa! Shida ni huyo mzee na simu yake ya kuchungia ng'ombe, hata kuibonyeza hajui!"

Kabula akawasha intaneti ya simu yake, laini ya kampuni ileile ya mjomba, akaiunganisha na laptop (hata kunitazama hakunitazama). Picha ikacheza. Hapo ndipo nikaelewa: data ina njia ya kwenda na njia ya kurudi, yetu ya kwenda ilikuwa safi, ya kurudi ilikuwa inamwagika pale kampuni yake inapoikabidhi kampuni yetu. Yaani sisi hatumsikii, yeye anatusikia. Kila neno.

"Mwadila," mjomba akasema. "Nimewaitikia mpaka koo limekauka. Huyo aliyenitukana yuko wapi?"

"Yuko juu ya bati," baba mkwe akajibu.

Aibu niliyoiona siku hiyo simwombei hata adui. "Shikamoo mjomba," nikaita kutoka hukohuko, kwa sababu nilikuwa namwona Kabula akiondoka maishani mwangu. "Nimekosa. Nisamehe."

Akanyamaza, na safari hii haukuwa mtandao.

"Anafanya nini huko juu?"

"Anakutafuta wewe, mjomba," Kabula akasema polepole.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Haya, nimekubali. Mteremsheni kabla hajaiva."

Tangu siku hiyo napima njia, ya kwenda na ya kurudi, kabla sijamlaumu mtu. Na simu ikiganda, hata iwe ya mteja tu, nasema shikamoo, halafu nafunga mdomo wangu.